Chuo kilitupa A, kijana wa kaunta akakatwa mshahara kwa kosa la programu yetu

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mwaka jana nilikuwa mmoja wa wanafunzi watano wa mwaka wa mwisho, katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, tuliopewa kazi ya kutengeneza programu ya mauzo na stoo kwa ajili ya duka la vipuri vya magari lililopo Gerezani, Kariakoo. Kazi ile ilipata A. Kijana anayeuza kwenye kaunta ya duka hilo alikatwa mshahara miezi miwili mfululizo kwa sababu ya kosa lililokuwa ndani ya programu hiyohiyo, na nilipolipeleka suala hilo idarani niliambiwa kwamba mradi umeshafungwa na alama zimeshaingizwa kwenye mfumo. Jibu hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu nimeshindwa kulimeza.

Naomba nieleze kosa lenyewe, maana bila kulielewa mtu anaweza kudhani nalalamikia jambo dogo. Muuzaji alikuwa anatumia kishikwambi: anachagua kipuri, anaandika idadi na bei, anabonyeza Hifadhi, na maandishi ya kijani yanatokea yakisema mauzo yamehifadhiwa. Maandishi yale tuliyaweka yatokee mara tu kitufe kinapobonyezwa, kabla seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza taarifa za mauzo, haijajibu chochote. Intaneti ikiyumba katika sekunde zile, na kila anayefanya biashara Kariakoo anajua inavyoyumba mchana watu wakijaa, mauzo yanapotea moja kwa moja, huku muuzaji ameona kijani, amekabidhi mzigo, amepokea malipo na ameshamgeukia mteja mwingine. Rafu inapungua, programu haina habari.

Mtu atauliza fedha ilikwenda wapi. Fedha ilikuwepo muda wote. Wateja wengi walikuwa wanalipa kwa simu, na kwenye simu hiyohiyo ya duka yalikuwa yanaingia malipo ya madeni ya mafundi gereji waliochukua mzigo kwa mali kauli, kwa hiyo ziada ilijificha humo na kila mtu akaichukulia kuwa ni deni lililolipwa. Madeni hatukuyaingiza kwenye programu. Mama mwenye duka alituomba tangu siku ya kwanza, tukamjibu kwamba tutayaweka awamu ya pili. Awamu ya pili haikuwahi kuwepo popote isipokuwa kwenye sura ya mwisho ya ripoti yetu.

Mwezi Machi nilipita dukani kununua filta ya oili ya gari la mjomba wangu. Yule kijana, ambaye wakati wa mradi alikuwa anatuagizia chai na chapati kabla hata hatujakaa, hakuitikia salamu yangu vizuri. Mama ndiye aliyenieleza. Alinifungulia ukurasa wa stoo akanionyesha breki pedi za mbele za Toyota IST: programu ilisema seti 14, kwenye rafu zilikuwepo 9. Mwezi wa kwanza alimkata shilingi 45,000 na mwezi wa pili 60,000, na alikuwa anafikiria kumwondoa kabisa. Akaniambia maneno ambayo sitayasahau: "Mwanangu, si ninyi mlioniambia kompyuta haidanganyi?" Ni kweli tulimwambia hivyo siku ya kumfundisha. Nakumbuka hata aliyeyasema.

Nilichukua kile kishikwambi nikazima data, nikauza plagi nne za majaribio mbele yao wote wawili. Maandishi ya kijani yakatokea. Nikawasha data, nikafungua ukurasa wa mauzo, hapakuwa na plagi hata moja iliyouzwa. Nikarudia mara ya pili ili mama aone vizuri. Yule kijana aliangalia kioo, akasema "Kumbe", akaingia stoo na hakutoka kwa muda mrefu.

Mama alimrudishia fedha zake zote siku ileile na akamwomba radhi mbele yangu, jambo ambalo si kila mwajiri angelifanya. Sisi tuliotengeneza, na chuo kilichotutuma kwa barua yenye muhuri, hatujamrudishia mtu yeyote chochote.

Sasa nije kwenye chuo. Mradi ule ulipimwa kwa ripoti na kwa uwasilishaji wa dakika 20 ndani ya ukumbi wenye intaneti isiyokatika. Hakuna mtu kwenye jopo aliyezima data. Hakuna aliyeuliza nini kinatokea umeme ukikatika katikati ya mauzo, ilhali tunaishi Dar es Salaam. Tuliulizwa kwa nini mchoro mmoja hauna namba, tukaulizwa kuhusu upana wa pambizo, tukapongezwa kwa rangi za kurasa. Mama hakualikwa, hakupigiwa simu, hakupewa hata karatasi ya kujaza. Saini yake inaonekana mara moja tu katika mradi mzima, kwenye barua ya kukubali kutupokea. Nauliza kwa dhati: inawezekanaje programu ikasemwa kuwa imelitatua tatizo la duka, na mwenye duka asiulizwe?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tulikuwa tumefundishwa. Katika somo la maadili ya taaluma tulisoma habari za wakuu wa ofisi ndogo za posta nchini Uingereza, ambapo kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu wa hesabu huku wengi wakihukumiwa kwa kutegemea mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, mfumo uliokuwa unaonyesha upungufu wa fedha usiokuwepo. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, na ilibidi Bunge la huko litunge sheria mwaka 2024 ili kufuta hukumu hizo. Tuliandika mtihani juu yake na nikapata alama nzuri. Miezi michache baadaye tukaliachia duka la Gerezani mfumo wenye tabia ileile, na msimamizi wetu, ambaye ndiye aliyefundisha somo hilo, akatusainia. Sisemi kwamba ukubwa wa mambo unalingana. Nasema kwamba kijana yule naye aliitwa mwizi na mashine, na waliomzunguka wakaiamini mashine.

Mizizi ya tatizo inaanzia kwenye ratiba. Hati ya mahitaji ilitakiwa iwe imekamilika wiki ya tatu, na baada ya hapo mabadiliko yalihesabiwa kama dosari ya timu. Kwa hiyo tulikwenda dukani mara moja, tukakaa takriban saa moja na mama akiwa anahudumia wateja katikati ya maswali yetu, tukarudi chuoni kuandika kurasa 30 kuhusu biashara tusiyoijua. Hatukujua kwamba winga, yaani dalali wa mtaani, huchukua kipuri bila kulipa, akakipeleka kwa mteja wake, kisha akarudi na fedha au akarudi na kipuri. Programu yetu ilijua hali mbili tu, ipo au imeuzwa. Hatukujua kwamba filta ileile huingia kwenye Vitz, IST na Toyota nyingine kadhaa, tukaiingiza mara tatu kwa majina matatu. Hatukufikiria kwamba risiti halali ni ya mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, ambazo zipo nchini tangu 2010, na kwamba muuzaji angelazimika kuandika kila mauzo mara mbili, huku na huku, mteja akiwa amesimama. Siku tatu za kukaa nyuma ya kaunta kimyakimya zingetufundisha yote hayo. Ratiba haikuwa na nafasi ya siku hizo tatu, lakini ilikuwa na wiki mbili za kupanga marejeo na viambatisho.

Na kuhusu viambatisho kuna jambo lingine. Picha za daftari la madeni la mama, zenye majina na namba za simu za mafundi wanaodaiwa, ziliwekwa mwishoni mwa ripoti kama ushahidi kwamba tulifika dukani, na ripoti ile imo maktaba hadi leo. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msimamizi aliziona picha zile, na maelekezo yake yalikuwa tuzikuze zisomeke.

Kurekebisha kosa la Hifadhi kulinichukua jioni moja. Kupata nenosiri la seva kulinichukua siku tisa, kwa sababu lilikuwa kwa mwenzetu mmoja tu ambaye amepata kazi Mwanza, na kwa muda wote huo alikuwa akiilipia seva kutoka mfukoni mwake bila kumwambia mtu. Hakuna mahali popote katika mwongozo wa mradi panapotaka programu ikabidhiwe kwa mwenye biashara, msimbo wake, nenosiri lake na nakala ya taarifa zake. Makabidhiano yanayotambulika ni ya ripoti, nakala tatu, zenye jalada gumu.

Nimeiandikia idara nikiomba mambo yafuatayo kwa maandishi: mwenye biashara apewe sehemu ya alama, alama za mwisho zisitolewe hadi programu itumike dukani kwa miezi mitatu, picha zile ziondolewe maktaba, na chuo kimwandikie yule kijana barua ya kukiri kosa. Huu ni mwezi wa pili sijajibiwa. Anayejua ngazi nyingine ya kulipeleka suala hili naomba anielekeze hapa.

Muhula huu wanafunzi wengine watano wamepelekwa duka la tatu kutoka pale kwa mama, kwa mwongozo uleule. Jumamosi nilikwenda kumwona mwenye duka hilo nikamsihi aendelee kuandika mauzo kwenye daftari sambamba na hiyo programu, na vijana wake wanapobonyeza wahakikishe mauzo yameonekana kwenye orodha kabla ya kuyaamini maandishi yoyote ya kijani. Aliniuliza mimi natoka wapi. Nikamwambia natoka chuo hichohicho.