Nyama ya ng'ombe ya Kichina ya pilipili, mbona yangu inachemka badala ya kukaangika?

Mla_Pilipili
Jamani wapishi naombeni msaada. Nimejaribu mara 3 sasa, nikiitia tu nyama kwenye kikaango inatoa maji, inakuwa ya kijivu, halafu inachemka kwenye maji yake mwenyewe, nikisubiri yakauke imeshakuwa raba natafuna mpaka taya zinauma. Natumia kilo nzima, naiosha, nakata vipande kama vya mchuzi, soya sosi, pilipili kavu nyingi. Na ile ganzi ya ulimi siipati hata nikizidisha pilipili, inawasha tu. Nakosea wapi?

mama_karai
Kilo nzima kwa mkupuo?? hapo hapo ndo tatizo 😂 Ukijaza karai joto linashuka, maji yanayotoka kwenye nyama hayapati nafasi ya kukauka ndo maana inachemka. Gawa, gramu 200 hivi kila awamu, karai lipate moto mpaka mafuta yaanze kutoa moshi kidogo, tandaza nyama USIIGUSE kama nusu dakika, geuza, ikibaki wekundu kidogo toa weka pembeni. Tangawizi, saumu na pilipili vinafuata kwenye mafuta hayo hayo, nyama inarudi mwishoni dakika moja tu. Na ukiiosha ikaushe kabisa. Ila kama kikaango chako ni kile kisichogandisha chakula usikiache kitupu kwenye moto mkali, ule utando unaharibika.

Kisu_Butu
Mama karai kasema kweli ila hata moto uwe mkali vipi, vipande vya mchuzi havitoboi. Iweke nyama friza kama dakika 40 ianze kukaza, utazame nyuzi zinaelekea wapi, ukate kuzikatiza, vipande vyembamba vya milimita 3 hivi. Kwa nusu kilo weka soya sosi kijiko kimoja cha chakula, maji vijiko viwili, ukande kwa mkono mpaka maji yote yanywewe, ndo uweke wanga wa mahindi kijiko kimoja na mafuta kidogo juu, uache nusu saa. Ule wanga unaivisha nyama koti, unyevu unabaki ndani. Nyama ngumu sana ongeza bekingi soda robo kijiko cha chai, robo tu tafadhali, mimi niliwahi kuweka kijiko kizima tukala sabuni.

ganzi_tupu
Ganzi hutaipata kwenye pilipili hata uweke gunia ndugu yangu. Inatoka kwenye huajiao, ile wanaita pilipili ya Sichuan (jimbo la China) lakini wala si pilipili, mti wake ni wa ukoo mmoja na ndimu, ndo maana ukiiponda inanukia kama ganda la limau. Kinacholiwa ni ganda, zile mbegu nyeusi tupa, ni kama kutafuna mchanga. Kaanga kavu moto mdogo mpaka inukie, saga, nyunyiza mwisho. Ukipata na doubanjiang, ile ya maharage yaliyochachushwa na pilipili, kaanga kwanza mpaka mafuta yawe mekundu, ila ina chumvi balaa kwa hiyo punguza soya.

mama_karai
@ganzi_tupu hiyo ni ya Sichuan, usimfanye aone bila ganzi hajapika. Ya Hunan, jimbo jingine la China, wanatumia pilipili mbichi na za kuchachusha, ganzi hakuna na ukali uko pale pale. Mimi niko upande wa Hunan hata mnitukane.

Mla_Pilipili
Mrejesho! Nimepika leo, awamu 3, vipande vyembamba, nyama imelainika mpaka nikadhani nimekosea kununua. Huajiao nimeipata nikatia kijiko kizima cha chakula bila kuuliza, saa hii nikinywa maji nasikia kama yana chumvi na midomo inatetemeka yenyewe. Hii inaisha baada ya muda gani?

ganzi_tupu
😂😂 Dakika 15 hivi. Kijiko cha CHAI ndugu, tena nusu.