Tupeane uzoefu: kifurushi cha mteja wa nje kikipotea njiani, hasara unaibebaje?

Muuza vikapu, Iringa mjini

Kamwene ndugu zangu. Ninauza vikapu vya milulu vinavyosukwa na akina mama wa vijiji vya jirani na mji wetu, na huu ni mwaka wa nne tangu nianze kuwatumia wateja wa Uingereza na Ujerumani. Mada hii ni kwa ajili yetu sisi tunaotuma kifurushi kimoja kimoja. Mwenye kutuma maboksi mia tano akipoteza moja, faida ya mengine humfunika. Mimi ninayetuma matatu kwa mwezi nikipoteza moja, kazi ya mwezi mzima imekwenda. Ninaomba kila mmoja aeleze kisa chake mwenyewe, aseme hasara ilimwangukia nani, na baada ya hapo alibadilisha nini. Ninaanza na changu.

Mwaka wa kwanza nilituma seti ya vikapu vitano, vimeingizwa kimoja ndani ya kingine, kwenda kwa mama mmoja wa Leeds. Nilituma kwa rejista. Namba ya ufuatiliaji ilionyesha kwamba mzigo umepokelewa, umefika Dar es Salaam, umeondoka nchini, kisha kukawa kimya. Wiki ya tatu mteja aliniuliza, nikamwomba avumilie. Wiki ya sita nikamwomba tena. Mwezi wa tatu aliacha kuniandikia kabisa, na hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi, kwa sababu mteja anayelalamika bado yuko nawe, lakini aliyenyamaza ameshakuhesabu kuwa tapeli.

Nilipokwenda hatimaye kaunta kufungua madai, mwezi wa tano tangu nitume mzigo ulikuwa umepita. Nilitoa risiti kwenye bahasha mbele ya karani, nikakuta nimeshika karatasi nyeupe. Ilikuwa risiti ya ile mashine inayochapa kwa joto, na mimi nilikuwa nimeihifadhi kwenye droo ya jikoni, karibu na jiko la mkaa. Maandishi yote yalikuwa yamefutika, zimebaki sifuri mbili za mwisho wa bei. Kilichoniokoa ni kwamba siku ya kutuma nilimpigia mteja picha ya ile risiti, na picha hiyo ilikuwa bado ipo kwenye mazungumzo yetu ya WhatsApp. Karani alinieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua tangu mwanzo: kwa utaratibu wa posta za kimataifa, ombi la kutafutiwa mzigo hupokelewa ndani ya miezi sita, ikihesabiwa kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma. Nilikuwa nimebakiza siku tisa.

Fidia ilikuja baadaye, lakini ilikuwa ndogo, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu. Kwenye fomu ya forodha nilikuwa nimeandika thamani ya chini, nikidhani ninamsaidia mteja asitozwe kodi kubwa. Thamani uliyoitamka kwa mkono wako mwenyewe ndiyo inayotumika kukupimia fidia, na huwezi kuwaambia forodha kwamba vikapu ni vya elfu sitini halafu ukaidai posta laki mbili. Mteja nilimrudishia fedha zake zote. Fedha hizo nilikuwa nimezitenga kuwalipa wasukaji wa oda iliyofuata, hivyo nilipanda bodaboda hadi kijijini kwenda kuwaomba wanisubiri wiki tatu. Walinielewa, lakini sitaki kurudia safari ile.

Fundi wa mikoba ya kitenge, Mwanjelwa, Mbeya

Pole sana dada. Changu hakikuvuka hata mpaka wa nchi, na ninakieleza kwa sababu ninaona wengi tunaogopa njia ya ndege kuliko njia ya basi.

Nilikuwa nikiwatumia ndugu walioko Dar es Salaam mikoba yangu kwa basi, wao waipeleke kwa wakala wa kusafirisha. Niliona ninapunguza gharama. Siku moja mikoba kumi na miwili ya mteja wa Uholanzi iliondoka stendi jioni, na asubuhi ndugu yangu aliyekwenda kuipokea Mbezi aliambiwa haipo kwenye buti. Stakabadhi niliyopewa ilikuwa imeandikwa "mfuko 1", bila thamani, bila uzito, bila hata kutaja kilichomo. Nilizungushwa kwa mwezi mzima kati ya ofisi ya huku na ya kule, na mwisho nikapewa kiasi ambacho hakikutosha hata kununua vitambaa. Hilo lisingeniumiza sana kama nisingekuwa nimemwambia mteja kwamba mzigo umeshaanza safari, na nikampa namba ya stakabadhi ya basi aitumie kufuatilia. Alihangaika nayo wiki mbili kwenye tovuti za posta.

Sasa ninakabidhi mzigo posta ya hapa hapa Mbeya, ili namba ianze kuhesabu tangu mkononi mwangu. Wenzangu ambao ni wageni wa jambo hili waijue ile namba kwa sura: ni herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ mwishoni. Inayoanza na R ni rejista, inayoanza na E ni ya EMS, yaani huduma ya haraka ya posta, na inayoanza na C ni ya kifurushi. Ukipewa namba isiyo na sura hiyo, uliza kabla hujaondoka kaunta.

Mkaangaji kahawa, Mbozi

Mimi ninataka kutenganisha mzigo uliopotea na mzigo uliokwama, kwa sababu nimewahi kuulilia mzigo ambao haukupotea.

Baada ya kuhangaikia vibali vya kahawa nilipata mteja Ujerumani, mwenye mgahawa mdogo, aliyetaka aonje kwanza kilo mbili. Mtu mmoja alinishauri niandike "zawadi" kwenye fomu ili mzigo upite haraka. Nilifuata ushauri huo, na ninasema wazi kwamba nilikosea. Msamaha wa zawadi katika nchi za Umoja wa Ulaya ni wa mtu binafsi kumtumia mtu binafsi bila malipo, tena usiozidi thamani ya euro 45, na mimi nilikuwa nimetuma pakiti nane zenye nembo ya biashara kwenda kwenye anwani ya mgahawa. Zaidi ya hapo, Ujerumani ina kodi yake maalumu ya kahawa, euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mzigo ulizuiwa forodha, mteja akaandikiwa barua ya kumtaka apeleke ankara na ushahidi wa malipo, naye alikuwa safarini. Muda ukapita, ukarudishwa.

Ulinirudia baada ya miezi minne na nusu. Nilifungua pakiti moja nikanusa, na ile harufu inayojaza chumba siku ya kukaanga haikuwepo tena. Ilinuka kama karatasi ya gunia. Nilimwaga zote. Katika miezi hiyo yote nilikuwa nikiwaambia watu kwamba posta wamenipotezea mzigo, kumbe ulikuwa umekaa rafuni ukisubiri karatasi ambayo mimi ndiye niliyepaswa kuiweka. Siku hizi ankara huwa nje ya boksi, kwenye mfuko wa nailoni unaoonekana, na nakala nyingine huwa ndani. Mteja ninamweleza kabla hajalipa kwamba kodi ya kwao ni juu yake.

Muuza mapambo ya nyasi, Njombe

Nitasema kwa ufupi. Nilituma Australia mapambo ya ukutani ya nyasi na mbegu za porini. Yalifika, yakakaguliwa, yakaharibiwa na wakaguzi wao, kwa sababu nchi ile haina mchezo na mbegu, magamba ya miti wala mdudu aliyejificha kwenye nyasi. Hakuna fidia kwa mzigo wa namna hiyo. Sasa kwa bidhaa yoyote ya mmea ninauliza kwanza masharti ya nchi inakokwenda, na panapohitajika cheti cha usafi wa mimea ninakwenda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mbegu nimeziondoa kabisa kwenye mapambo ya nje.

Muuza batiki, Mafinga

Ninawaheshimu wote, lakini mimi ninaona tunajibebesha mzigo usio wetu. Nimeandika kwenye ukurasa wangu kwamba jukumu langu linaishia nikishakabidhi mzigo posta. Mteja akikubali kulipa, amekubali na hilo. Nimepoteza vitambaa viwili na sikurudisha hata senti.

Muuza vikapu, Iringa mjini

Kaka wa Mafinga, ninashukuru kwa kusema wazi, ila ninakusihi uliangalie tena. Mteja wa Uingereza anatoka mahali ambapo sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inaliacha jukumu la bidhaa kwa muuzaji mpaka imfikie mnunuzi mkononi, na nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni ya namna hiyo hiyo. Hata kama hakuna atakayekufuata Mafinga na sheria hiyo, ndivyo mteja alivyozoea kutendewa, na akiwa amelipa kwa kadi anaweza kuiomba benki yake imrudishie fedha, nawe ukashtukia zimeondolewa. Halafu fikiria: madai posta kwa kawaida hufunguliwa na aliyetuma. Yeye hana risiti, hana kaunta ya kwenda, hana lolote analoweza kufanya. Tukimwachia hasara tunamwachia jambo ambalo ni sisi peke yetu tunaoweza kulishughulikia.

Mshonaji wa nguo za watoto, Tukuyu

Kwa wenye wateja wa Marekani: zamani kifurushi chenye thamani isiyozidi dola 800 kiliingia bila ushuru. Msamaha huo uliondolewa tarehe 29 Agosti 2025 kwa nchi zote, na katika siku zile mashirika mengi ya posta duniani yalisitisha kwa muda kupokea vifurushi vya bidhaa vya kwenda huko. Mimi nilikuwa nimetuma wiki moja kabla. Gauni tatu zilirudi baada ya miezi miwili, mteja akiwa ameshakata tamaa, na mtoto aliyeshonewa ameshakua. Nauli ya kwenda sikurudishiwa. Tangu hapo siku ya kupokea oda ya Marekani ninapita kwanza posta kuuliza hali ilivyo wiki hiyo, kisha ndipo ninapotaja bei.

Fundi wa mikoba ya kitenge, Mwanjelwa, Mbeya

Dada wa Iringa, umesema tuubebe mzigo huu. Unaubeba kwa fedha ipi? Mimi bima ya kampuni za vifurushi imenishinda bei.

Muuza vikapu, Iringa mjini

Nami imenishinda, kaka, na kwa vikapu ni vibaya zaidi, kwa sababu kampuni hizo hutoza kwa ukubwa wa boksi pale ukubwa unapozidi uzito. Wengi wao huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000. Boksi langu la 40 kwa 40 kwa 35 hutoka kilo 11.2, na mizani inasoma kilo tatu. Kwa hiyo njia hiyo pamoja na bima yake ninaitumia kwa oda inayozidi laki tano tu. Oda nyingine kubwa ninazigawa mara mbili na kuzituma siku tofauti.

Kwa zilizobaki nina mfuko wangu mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilianza na daftari. Nimetuma vifurushi 71. Vitatu havikufika kabisa. Oda ya kawaida mteja hunilipa 320,000 pamoja na nauli, lakini kumtumia vikapu vingine hunigharimu 210,000, yaani laki moja ya wasukaji na 110,000 ya kufunga na kutuma. Ukigawa hasara ya vitatu hivyo kwa vyote 71, kila kifurushi kinabeba karibu 8,900. Ninaongeza 12,000 kwenye kila bei, na fedha hiyo inakaa kwenye laini ya simu ambayo sifanyi nayo manunuzi mengine. Kama ningeanza tangu kifurushi cha kwanza, ningelipia vyote vitatu na nikabaki na zaidi ya laki mbili.

Mteja ninamwandikia kabla hajalipa: wiki ya tatu nitakutafuta mwenyewe, siku ya thelathini kama mzigo hauonekani unasogea ninafungua madai, siku ya arobaini na tano ninakutumia vingine au ninakurudishia fedha, utachagua wewe. Wengi huchagua vikapu. Na hawajawahi kunyamaza tena.

Muuza batiki, Mafinga

Nimekuelewa dada, na nitaiandika upya ile sehemu kwenye ukurasa wangu. Swali langu moja: ukishatuma vingine, kisha vile vya kwanza vikafika?

Muuza vikapu, Iringa mjini

Ilinitokea mwaka jana, kwa mteja wa Scotland. Boksi la kwanza lilifika mwezi wa tano tangu nilitume, likiwa limebonyea pembe mbili, limefungwa upya kwa solotepu ambayo si yangu, na lina mihuri ya nchi ambayo haipo kabisa kwenye njia ya kwenda kwake. Alinipigia picha kila upande. Vikapu ndani vilikuwa vizima, kimoja tu kilikuwa kimekunjika ukingo, nikamwelekeza akinyunyizie maji kidogo, akinyooshe kwa mkono na kukiacha kikauke kivulini. Seti ya pili aliilipia bila mimi kumwomba, akampa dada yake, na dada yake ndiye niliyemfungia mzigo Ijumaa hii.