PhD mwaka wa pili, Mombasa: mnapangaje siku?

Mdau_Tudor: Wakuu, kwa tasnifu yangu nahoji wavuvi wa pweza, msimamizi wangu yuko Nairobi, na sura ya pili imekwama. Nianzie wapi?

BintiKizingo: Vibali kwanza, ndivyo vinavyokula miezi. Cheti cha kamati ya maadili, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukigeuza mpangilio, ombi linakwama. Leseni ni ya mwaka 1, kwa hiyo usiichukue dodoso likiwa bado bichi.

Nahodha_wa_Sura: Wa pweza usiwafuate wakati wa bamvua, maji yakikauka sana wao wako miambani. Waendee maji mafu, bahari isipokupwa sana, wana nafasi ya kuongea.
Kuandika: saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili, hasa Februari na Machi, joto la mchana halina huruma. Maneno 300 yatosha. Sentensi ya mwisho iache nusu, kesho utajua pa kushika. Mchana panga marejeo kwenye programu ya Zotero, hayataki akili nyingi.

BintiKizingo: Na msimamizi usimtumie sura nzima, ataiweka kando. Kurasa 5, maswali 2 juu kabisa. Jumapili jioni funga laputopu, nenda pale ufukweni Mama Ngina ule mihogo ya ndimu na pilipili. Hiyo nayo iandike kwenye ratiba, la sivyo hutaenda.