Sauti za mtaani Dar zinapotea, tunazihifadhije?

Wakuu habari za jioni. Juzi nimekaa barazani kwa mama Ilala, nikashtuka tangu asubuhi sijasikia mkasi. Wale mafundi wanaopita na cherehani begani, mkono mmoja unachezesha mkasi cha-cha-cha, hata ukiwa jikoni unajua fundi huyo kapita unakimbia na suruali iliyokufa zipu. Mama anasema aliyekuwa anapita pale kazeeka karudi kwao, hakuna mwingine. Basi nikaanza kuwaza na zingine, muuza kahawa na vikombe vyake, vijana wa rangi za kucha wanavyogonga chupa, muuza sigara na karanga anavyochezesha sarafu kiganjani, konda akigonga bodi mara mbili suka anaondoa gari. Mwendokasi toka ianze 2016 milango inajifunga yenyewe, nani agonge bodi? Nimeanza kurekodi kwa simu ila nasikia upepo tu. Nifanyeje, na nikizipata niziweke wapi?

fundi_redio: Mkuu umefanya la maana sana. Weka kipande cha sponji kwenye maiki, simama umeupa upepo mgongo, na rekodi kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, maana ile ya kutumiana WhatsApp inabana sauti, ule mlio mwembamba wa vikombe ndo unaoharibika kwanza. Acha irekodi dakika tatu bila kuongea, mwishoni ndo utaje mtaa, tarehe na saa. Usipotaja, baada ya miaka ishirini ni kelele tu hakuna atakayejua ni wapi. Pa kuweka, kuna ramani ya sauti ya dunia inaitwa radio aporee, ipo toka 2006, mtu yeyote anapandisha rekodi yake pale ilipochukuliwa. Na wewe baki na kopi mbili.

binti_kahawa: Naomba niseme kitu maana baba yangu kauza kahawa Kariakoo maisha yake yote. Watu wanadhani vikombe vinagongwa hovyo, hapana, kila muuzaji ana mdundo wake, baba alikuwa anashika viwili mkono mmoja anavigonga mara tatu haraka halafu mara moja taratibu, wateja wake walikuwa wanatoka wanajua ni yeye sio mwingine. Hakuna rekodi hata moja na ameshafariki. Kwahiyo usirekodi kwa kujificha, kaa nae, nunua kahawa, muombe ruhusa, muulize alifundishwa na nani. Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi usioshikika, yaani ujuzi na desturi za watu, Tanzania tumeuridhia 2011, na unachozungumzia ni ujuzi na watu wenye nao.

mkazi_wa_sokoni: Mimi nakaa juu ya maduka, vispika vya wauzaji vya "jero jero jero" (mia tano) vinaanza saa mbili asubuhi sauti ile ile mpaka jioni. Hiyo nayo urithi?

binti_kahawa: Pole ndugu yangu, hiyo inachosha kweli. Ila hicho kispika ndo kimemnyamazisha machinga aliyekuwa ananadi kwa mdomo, na kila mmoja alikuwa na maneno yake. Irekodi pia, ndo Dar ya leo.

mleta uzi: Asanteni sana. Dada nimekuelewa, pole kwa mzee. Kuna muuza kahawa mmoja anakaa karibu na msikiti wa mtaani kwetu baada ya magharibi, kesho naenda kukaa nae, simu itabaki mfukoni mpaka aniruhusu.