Taa za tela zinapepesa zote kwa pamoja, naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Nina Prado, na nimenunua tela dogo la kupelekea chakula cha kuku shambani Kigamboni. Chuma cha kuvutia kimefungwa juzi Gerezani, boliti nne kwenye chesisi, hapo sina neno. (Fundi wa kwanza alitaka kukichomelea kwenye bampa, nikamkimbia.)

Mtihani ni umeme. Fundi alichuna nyaya za taa za nyuma, akasokota, akaviringisha selotepu nyeusi, akaunga plagi ya pini 7. Sasa nikiwasha indiketa ya kushoto, taa zote za tela zinapepesa. Nikikanyaga breki zinafifia kama kibatari. Nimeambiwa ninunue flasha mpya (kile kidude kinachopepesesha indiketa). Mimi nashuku ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri: ule waya wake mweupe umeachwa unaning'inia, kwa hiyo umeme unarudi kupitia kwenye kiungo cha chuma kilichojaa grisi na kutu.

Nikiuvuta hadi kwenye chesisi inatosha? Au niweke na relei (swichi inayowashwa na umeme) yenye fyuzi yake, nisije nikaunguza nyaya za gari? Mwenye kumjua fundi umeme mtulivu, Temeke au Mbagala, anielekeze. Jumamosi nataka kuvuka kwenda shambani, na wa nyuma yangu lazima waone nikisimama.