Tupeane uzoefu: kompyuta uliyoiunda mwenyewe inapojizima kila mara

Mwanzisha mada
Wakuu, heshima kwenu. Jirani yangu ameunda kompyuta ya mezani kwa vipuri alivyovinunua Kariakoo kimoja kimoja, na sasa kila anapochakata video inajizima bila onyo, kisha inajiwasha yenyewe. Kumwona akihangaika kumenikumbusha yangu, iliyonitesa msimu mzima wa masika. Leo skrini ya buluu iliandika MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa ikailaumu draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha. Kilichonifungua macho ni huko kubadilikabadilika kwa ujumbe: draiva mbovu kwa kawaida hurudia kosa lilelile, ilhali ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ikiwa mbovu huharibu chochote kilichohifadhiwa kwenye sehemu yake iliyokufa. Niliweka Memtest86+, programu ya kupima ramu, kwenye flashi, nikaiacha ipime usiku kucha, na asubuhi nikakuta mistari myekundu imejaa skrini. Nilichomoa ramu moja, nikapima nyingine peke yake, na mbovu ikajulikana. Mliounda zenu, tuelezeni zilivyowasumbua na mlivyozitibu.

Mkazi wa Sinza
Ya ramu ni kweli tupu. Yangu nayo ilianza hivyohivyo.

Fundi wa Mwanza
Naomba kutofautiana na mwanzisha mada kuhusu huyo jirani. Mashine inayozimika ghafla ikiwa kwenye kazi nzito, bila skrini ya buluu, ichunguzwe kwanza pawa saplai, yaani kile kiboksi kinachoigawia mashine umeme, kwa sababu ramu mbovu mara nyingi huipa Windows nafasi ya kulalamika, na saplai inayokata haitoi nafasi hiyo. Ukifungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta Kernel-Power namba 41. Vijana wengi huniletea namba hiyo wakidhani ni jina la ugonjwa, kumbe inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri.

Mimi huweka multimita kati ya waya wa njano na waya mweusi wa plagi ya Molex (ile ya pini nne itokayo kwenye saplai), kisha naiacha kompyuta ifanye kazi nzito huku nikitazama. Volti 12 za waya huo wa njano zinaruhusiwa kupanda hadi 12.6 au kushuka hadi 11.4. Kuna moja niliyoitazama ikiteremka 11.8, 11.5, 11.2, halafu giza. Ubavuni iliandikwa wati 600, lakini mkononi ilikuwa nyepesi kama boksi tupu la viatu, na lebo yake ndogo ilionyesha ampea 18 tu kwenye njia ya volti 12. Zidisha mwenyewe: ni wati 216. Someni lebo hiyo ndogo kabla ya kulipa, msisome maandishi makubwa ya kwenye boksi.

Kijana wa Ruiru
Kabla ya kununua saplai nyingine, aingie kwenye BIOS (mipangilio ya bodi, kabla Windows haijawaka) azime XMP, mpangilio wa kuikimbiza ramu kwa kasi iliyoandikwa juu yake. Ramu ya DDR4 iliyoandikwa 3600 hufika kasi hiyo kwa XMP pekee, na si kila prosesa na kila bodi huistahimili. Yangu ilitulia pale nilipoishusha hadi 2666. Ikiwa na ramu mbili, zikae kwenye nafasi ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa, kwa kuwa bodi nyingi ndivyo zinavyotaka.

Mtu wa Keko
Apige Windows upya, yataisha.

Fundi wa Mwanza
Ndugu, kupiga Windows upya hakuongezi volti. Mteja anapoteza mafaili yake yote na mashine inaendelea kuzimika.

Mtu wa Keko
Nimezitibu nyingi kwa njia hiyo, mkuu, na wenyewe hawakurudi kulalamika.

Mhariri wa video, Tanga
Naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, kwa sababu yangu ilitaka kuniulia mtoto. Nilikuwa nachakata video ya harusi inayotakiwa asubuhi, na kompyuta ikawa inajizima mara kwa mara. Nilibadilisha saplai, nikabadilisha ramu, nikaiweka upya pesti ya prosesa, lakini haikusaidia. Baadaye nikaanza kuona kwamba inazimika kila friji ya jikoni inaponguruma kuanza kazi, nami nikadhani ni umeme mdogo, nikanunua stabilaiza.

Usiku huo mwanangu alitoka kuoga, miguu ingali na maji, akaja kuniaga na kuegemea kasha la kompyuta. Alipiga ukelele ambao bado nausikia. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwenye ukingo wa bati, nami nikawahi kuzima swichi kuu ya nyumba kabla ya kumgusa. Alipona, namshukuru Mungu, akabaki na weupe kwenye ncha za vidole.

Fundi umeme alipokuja hakuigusa kompyuta. Alizunguka nje hadi kwenye fimbo ya ethi, inayopeleka ardhini umeme unaovuja, akakuta kutu imeula waya wote, hivyo ethi za soketi zote za nyumba zilikuwa zimeungana zenyewe kwa zenyewe bila kufika ardhini. Friji ilikuwa inavujisha umeme kwenye bati lake, na umeme huo, kwa kukosa njia ya kwenda chini, ulipitia waya wa ethi hadi kwenye kasha la kompyuta yangu. Aliposhindilia fimbo mpya na kuunganisha, sakiti breka ya friji iliruka papo hapo. Tangu siku hiyo kompyuta haijajizima.

Mkazi wa Sinza
Pole sana, dada. Mtoto anaendeleaje sasa?

Mhariri wa video, Tanga
Mzima kabisa, kaka, asante. Bado halisogelei kasha.

Mwanafunzi wa Morogoro
Pole, dada. Niongeze tu kwamba kuhisi mwasho mdogo kwenye kasha ni jambo la kawaida pasipo ethi. Ndani ya saplai kuna kapasita za kuchuja mawimbi, na ethi isipokuwepo huliacha kasha na karibu nusu ya volti za ukutani, ila mkondo wake ni mdogo mno.

Fundi wa Mwanza
Mwanangu, fizikia yako ni sahihi, lakini usiwaambie watu kwamba ni kawaida. Mwasho wa kapasita na mwasho wa friji ya dada huyu vinaanza kwa kufanana, na mwenye nyumba hawezi kuvitofautisha kwa ngozi. Mwasho wowote ni dalili kwamba ethi haipo, na ethi itengenezwe.

Mzee wa Malindi, Unguja
Huku kwetu hewa ya chumvi hula miguu ya ramu. Zichomoe, zisugue kwa kifutio cha shule, zirudishe.

Kijana wa Ruiru
Shikamoo, mzee. Kifutio hukwangua dhahabu ya juu. Afadhali spiriti na kitambaa laini.

Mtu wa Keko
Tusisahau prosesa. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 ziliweza kuharibika kwa volti kupita kiasi, ikatoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Mwenye nazo asasishe BIOS.

Mwanzisha mada
Wakuu, tumepima. Soketi ya jirani ina ethi nzima, lakini volti 12 zilishuka hadi 11.3 video ilipoanza kuchakatwa. Muuzaji amegoma kurudisha pesa, ila amekubali tuongeze tofauti tuchukue saplai nyingine yenye nyaya za kuchomoa. Tunaifunga jioni.

Fundi wa Mwanza
Vizuri. Kadi ya picha ikiwa na matundu mawili ya umeme, ipeni nyaya mbili tofauti kutoka kwenye saplai, msitumie waya mmoja wenye mikia miwili. Na ikiwa saplai ya zamani nayo ilikuwa na nyaya za kuchomoa, msizihamishie kwenye mpya hata kama zinaingia, kwa sababu mpangilio wa pini upande wa saplai hutofautiana, na diski huweza kuungua mara tu mnapowasha.