Kupiga picha wingu la dhoruba lenye umbo la rafu, Ziwa Victoria

Swali: Wakuu, nipo Mwanza. Lile wingu refu la chini linalotangulia mvua likitokea ziwani, nikilipiga mbingu inatoka nyeupe tupu au maji yanakuwa meusi. Lenzi ni ya milimita 18-55. Nipange vipi kamera?

Jibu 1: Mkuu, pima mwanga kwenye ukingo mweupe wa wingu, siyo majini. Anza na f/8 (uwazi wa lenzi), ISO 200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), spidi 1/250 ya sekunde, kisha urekebishe. Piga RAW (faili ghafi la kamera): sehemu za giza utaziangaza baadaye, ila sehemu nyeupe ikishaungua kwa mwanga kupita kiasi hairudi. Fokasi iweke kwa mkono kwenye kisiwa cha mbali, maana ya otomatiki hukosa cha kushika kwenye kijivu laini.

Jibu 2: Milimita 18, upana wa mwisho wa lenzi yako, hazitoshi wingu zima. Shika kamera wima, piga picha 6 hadi 8 kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja iingiliane na jirani yake kwa theluthi, kisha uziunganishe kuwa picha moja pana. Mipangilio usiiguse katikati. Na fanya haraka, wingu linasogea. Ukichelewa mishono haikutani.

Jibu 3: Wingu hilo hujengwa na hewa baridi inayoshuka na mvua, ikinyanyua hewa vuguvugu yenye unyevu iliyo mbele yake. Ndiyo maana upepo mkali hukufikia kabla ya mvua, na tripodi (stendi ya miguu mitatu) iliyorefushwa huanguka. Ukisikia ngurumo, radi inaweza kukufikia: toka ufukweni, ingia kwenye gari, funga vioo, piga kupitia dirishani huku lenzi ikigusa kioo ili kuzuia uakisi wa kioo.